Chitane, mbwa aliyetembea na David Livingstone

Ukiamka mapema hapa Gorong'a, kitu cha kwanza utakachokutana nacho njiani ni mifugo, mchungaji na mbwa. Ng'ombe wanatangulia, mchungaji anafuata na fimbo yake, na mbwa hana nafasi yake maalumu. Mara yuko mbele, mara yuko nyuma, mara ameingia kichakani kunusa jambo analolijua mwenyewe. Hakuna anayeyaita hayo mazoezi. Ni kazi ya kila siku.

Hata hivyo si kila mmoja wetu anachunga. Wapo wenye maduka wanaokaa kitini tangu asubuhi hadi usiku. Wapo vijana wa bodaboda wanaozunguka Tarime nzima bila kukanyaga ardhi. Wapo wazee waliowaachia watoto mifugo na sasa wanashinda chini ya mwembe. Mbwa nao wengi wanafungwa mnyororo kutwa nzima, wakifunguliwa usiku tu ili walinde.

Madaktari wa watu wanatuambia tutembee. Wataalamu wa mifugo wanatuambia mbwa atembezwe. Katika makala ya leo tunayaunganisha mambo hayo mawili kwa kusimulia maisha ya mtu ambaye jina lake wengi wetu tulilisikia shuleni: David Livingstone. Mwalimu alitufundisha mito na maziwa aliyoyafikia. Mbwa aliyetembea naye hakutajwa, na hata jinsi alivyopotea hatukuambiwa. Leo tutaeleza.

Mtoto wa kiwandani

Livingstone alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 katika mji mdogo wa Blantyre, huko Uskoti. Familia yao ilikuwa maskini. Wazazi na watoto waliishi katika chumba kimoja cha nyumba ya wafanyakazi, karibu na kiwanda cha pamba.

Akiwa na umri wa miaka 10 alipelekwa kufanya kazi katika kiwanda hicho. Aliingia saa 12 asubuhi na kutoka saa 2 usiku. Kazi yake ilikuwa kuunganisha nyuzi zilizokatika, na kwa hiyo alishinda akipita huku na huko kati ya mashine, akiinama na kuinuka. Kitabu alikiweka juu ya mashine, akipita anasoma sentensi moja, akirudi anasoma nyingine. Usiku alikwenda darasani.

Hivyo ndivyo alivyopata tabia mbili zilizomfuata maisha yake yote: kutembea bila kuchoka upesi, na kufikiri huku anatembea. Kuanzia mwaka 1836 alisomea udaktari mjini Glasgow. Mwaka 1840 alihitimu, akawekwa wakfu kuwa mmisionari, na Machi 1841 akafika Afrika Kusini.

Miguu iliyodharauliwa

Alipoanza kusafiri kaskazini, katika nchi ambayo leo ni Botswana, Livingstone alikuwa mwembamba. Wenyeji aliosafiri nao walimtazama wakaona hafiki mbali. Siku moja aliwasikia wakimjadili, nao hawakujua kwamba alikwisha kuifahamu lugha yao. Walisema mzungu huyu hana nguvu, unene wake ni wa ile suruali anayojitia ndani yake, na muda si mrefu atachoka.

Livingstone hakuwajibu kwa maneno. Aliongeza mwendo. Kwa siku kadhaa aliwatembeza kwa kasi mpaka wao wenyewe wakageuza kauli na kukiri kwamba anajua kutembea.

Tunakitaja kisa hiki kwa sababu kina funzo la kwanza kuhusu mazoezi. Nguvu za kutembea hazionekani katika umbo la mtu. Zinajengwa kidogo kidogo na yule anayetembea kila siku, awe mwembamba au mnene, kijana au mzee.

Mwaka 1844, mahali panapoitwa Mabotsa, simba alimrukia akauponda mfupa wa mkono wake wa kushoto, karibu na bega. Aliyemwokoa ni Mebalwe, mwalimu Mwafrika, ambaye alielekeza bunduki yake kwa simba huyo. Simba alimwacha Livingstone akamvamia Mebalwe na kumng'ata. Baadaye akamng'ata mtu wa tatu, kisha akaanguka na kufa kwa risasi alizokwisha kupigwa. Mkono wa Livingstone haukupona sawasawa. Kuanzia siku hiyo hakuweza tena kuuinua juu ya bega. Hata hivyo miguu ilikuwa mizima, naye akaendelea na safari.

Mwaka uliofuata alimwoa Mary Moffat, binti wa mmisionari mwenzake.

Kutoka pwani hadi pwani

Kati ya mwaka 1853 na 1856 Livingstone alivuka bara. Alianzia Linyanti, katikati ya kusini mwa Afrika, akaenda magharibi hadi Luanda, nchini Angola, akafika mwezi Mei 1854. Kisha akageuka na kurudi mashariki hadi Quelimane, kwenye pwani ya Msumbiji, akafika Mei 1856. Njiani, mwezi Novemba 1855, aliona maporomoko ambayo wenyeji waliyaita Mosi-oa-Tunya, yaani moshi unaonguruma.

Si kwamba njia yote aliipita kwa miguu. Sehemu kubwa alipanda ng'ombe dume aliyeitwa Sinbad, na mahali pengine alisafiri kwa mtumbwi. Homa ilimwangusha mara nyingi. Wala hakuwa peke yake. Alipoelekea Luanda alikuwa na wanaume 27 aliopewa na Sekeletu, mtawala wa Wamakololo. Bila watu hao, bila chakula chao na ulimi wao, asingefika popote. Vitabu vingi vya zamani viliandika jina lake kwa herufi kubwa na kuyasahau majina yao.

Safari yake ya pili, kwenye mto Zambezi, ilianza mwaka 1858 ikaisha 1864. Ilikuwa safari ya huzuni. Mkewe Mary alifariki kwa homa mwezi Aprili 1862 akazikwa Shupanga, nchini Msumbiji. Katika safari hiyo ndipo alipokutana na vijana wawili tutakaowataja tena: Susi, mtu wa Shupanga, na Chuma, kijana wa Kiyao aliyekombolewa kutoka mikononi mwa wafanyabiashara ya watumwa mwaka 1861.

Mikindani, mwaka 1866

Safari inayotuhusu zaidi leo ni ya tatu, kwa sababu ilipita katika nchi yetu, na kwa sababu Chitane alikuwamo.

Livingstone aliondoka Unguja kwa meli tarehe 19 Machi 1866, siku aliyotimiza miaka 53. Alishuka Mikindani, katika mkoa ambao sasa ni Mtwara. Alikuwa na watu 36: askari 13 kutoka India, watu 10 wa Nzwani, visiwa vya Komoro, vijana 9 waliosomeshwa India, na watu 4 wa kutoka safari yake ya Zambezi, wakiwamo Susi na Chuma.

Alikuja pia na wanyama: ngamia 6, nyati wa kufugwa 3 na ndama wao, punda 4 na baghala 2, yaani wanyama waliozaliwa na punda na farasi. Nia yake mojawapo ilikuwa kujaribu kama wanyama hao wangestahimili mbung'o. Sisi tunaoishi kandokando ya Serengeti tunajua swali hilo lina uzito gani. Ambaye ng'ombe wake wamewahi kudhoofika mmoja mmoja baada ya kuchungwa porini hahitaji kufafanuliwa.

Nyuma ya msafara huo wote, au tuseme mbele yake, kwa sababu hakuwa akitulia, alikuwepo mbwa mmoja mdogo. Alikuwa wa zile mbwa za Ulaya zenye manyoya yaliyojisokota. Jina lake Chitane.

Siku chache tu baada ya kushuka Mikindani, Livingstone aliandika katika daftari lake la safari maelezo ambayo daktari yeyote wa leo angeyakubali. Alieleza kwamba mtu anapotembea kwa nguvu katika nchi ya mwinuko, misuli inakuwa myepesi, damu safi inazunguka hadi kwenye ubongo, akili inafanya kazi vizuri, macho yanaona sawasawa, hatua inakuwa thabiti, na jioni mapumziko yanakuwa matamu kwa sababu mwili umeyafanyia kazi.

Aliyeandika hayo alikuwa na umri wa miaka 53, mkono mmoja mbovu, na mwili uliokwisha kupigwa na homa mara nyingi asizoweza kuzihesabu. Ndiyo maana tunayapa uzito. Si maneno ya kijana anayejivunia mbio zake.

Kazi za Chitane

Mbwa aliyezoea kutembea na watu hujipatia kazi mwenyewe. Chitane alijipatia tatu.

Kazi ya kwanza ilikuwa ya njiani. Msafara ulipoondoka, alikimbia hadi kwa mtu wa mbele kabisa, akamtazama, kisha akarudi hadi kwa wa mwisho kuhakikisha kwamba wote wapo. Akafanya hivyo tena na tena, siku nzima. Wenye mbwa wa kuchungia wanaielewa tabia hii. Watu walipotembea kilomita moja, Chitane alikuwa amekimbia mbili au tatu.

Kazi ya pili ilikuwa ya kambini. Mbwa wa vijijini walipokuja kunusa vibanda kutafuta nyama ya kuiba, Chitane, pamoja na udogo wake, aliwafukuza wote. Hakuna aliyethubutu kusogea. Yeye mwenyewe hakuwahi kuiba, na Livingstone alimsifu kwa hilo.

Kazi ya tatu haikuwa ya kukusudia. Walipoingia kijiji kipya, watu walikusanyika kumshangaa mzungu. Chitane alipunguza nusu ya mshangao huo, kwa maana macho yaligawanyika kati ya bwana na mbwa.

Miezi ilipita. Ngamia, nyati na baghala walikufa. Livingstone aliwalaumu askari wa India kwa kuwapiga na kuwabebesha mizigo kupita kiasi, hata hakuweza kujua kwa hakika ni wangapi waliuawa na mbung'o na wangapi waliuawa na binadamu. Askari hao walirudishwa pwani. Mwezi Septemba watu wa Nzwani, wakiongozwa na Musa, walimwacha baada ya kusikia habari za wavamizi mbele yao, wakarudi Unguja na kueneza uongo kwamba Livingstone ameuawa.

Wanyama wakubwa walikwisha na watu wengi waliondoka. Mbwa mdogo alibaki.

Maji ya Chitane

Mwezi Januari 1867 walikuwa katika nchi ambayo sasa ni kaskazini mashariki mwa Zambia. Ilikuwa masika. Mvua ilinyesha karibu kila siku, chakula kilikuwa kimeadimika, na mbuzi wa maziwa waliowategemea walikuwa wametoweka. Watu walitembea na njaa.

Tarehe 15 walifika kwenye kinamasi kiitwacho Chimbwe. Mahali pa kuvukia palikuwa na upana wa maili nzima, zaidi ya kilomita moja na nusu. Maji yaliwafika kiunoni. Chini palikuwa na tope laini lenye mashimo marefu, na upande wa pili palijaa ruba.

Livingstone alitangulia. Kabla ya kuingia majini alipaswa kusema jambo moja dogo: nani ambebe Chitane. Alisahau. Vijana waliofuata nao walikuwa wakipigania kusimama wima, mzigo kichwani na mguu ukizama. Kila mmoja aliyatazama maji ya mbele yake. Hakuna aliyemtazama mbwa.

Chitane alifanya alichokuwa akifanya kila siku, yaani kuufuata msafara. Aliogelea. Upana ule ulikuwa mkubwa kuliko nguvu zake, akaogelea mpaka akazama. Walipofika ng'ambo na kuhesabiana, hayupo.

Livingstone aliandika kisa hiki bila kumtupia mtu lawama. Alikiri kwamba yeye ndiye aliyesahau kutoa amri. Hakuificha huzuni yake. Alikumbuka jinsi mbwa huyo alivyojipa usimamizi wa msafara mzima, akikimbia mbele na nyuma. Alikumbuka hata rangi ya manyoya yake, ambayo ilikuwa imeanza kugeuka kuwa ya manjano yenye wekundu. Vijana wa msafara walipaita mahali hapo maji ya Chitane.

Siku tano baadaye walipata pigo jingine. Wapagazi wawili walitoroka na sanduku la dawa. Livingstone alihisi kama mtu aliyehukumiwa kifo, na hakukosea sana. Kuanzia hapo aliishi miaka sita, lakini miaka mingi kati ya hiyo ilikuwa ya maradhi.

Ujiji, Nyangwe na kinamasi cha mwisho

Tutaipita miaka hiyo kwa haraka. Aprili 1867 alifika kusini mwa ziwa Tanganyika, Novemba mwaka huo akafika ziwa Mweru, na Julai 1868 akafika ziwa Bangweulu. Machi 1869 aliingia Ujiji akiwa mgonjwa, akakuta sehemu kubwa ya bidhaa zilizotumwa kwake zimeibwa.

Tarehe 15 Julai 1871, katika soko la Nyangwe, mashariki mwa Kongo, alishuhudia watu wa wafanyabiashara ya watumwa wakiwamiminia risasi wanawake na watu wengine waliokuja sokoni. Mamia walikufa, wengine kwa risasi na wengine kwa kuzama mtoni. Maelezo yake yaliposomwa Uingereza yaliongeza nguvu katika vita dhidi ya biashara hiyo. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa kwa mkataba wa Juni 1873, mwezi mmoja tu baada ya yeye kufa.

Mwishoni mwa mwaka 1871 mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alimkuta Ujiji. Wengi tunakumbuka mkutano huo. Wachache wanajua kwamba Stanley naye alianza safari na mbwa. Aliitwa Omar, mbwa mlinzi aliyetoka naye Bombay. Omar alikufa kwa ugonjwa wa tumbo baada ya kuvuka kinamasi cha Makata, katika mkoa wa Morogoro wa leo. Kwa hiyo mabwana wawili walikutana Ujiji, na kila mmoja alikuwa ameacha mbwa wake nyuma, mmoja ndani ya kinamasi na mwingine baada ya kinamasi.

Stanley alimwomba Livingstone warudi pamoja. Alikataa. Mwezi Agosti 1872 aliondoka karibu na Tabora kwenda kusini tena. Safari hii mwili haukumtii. Yule aliyewahi kuwachosha vijana sasa alibebwa kwa machela. Alifariki tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchini Zambia, akiwa amepiga magoti kando ya kitanda.

Susi na Chuma, pamoja na wenzao, waliuzika moyo wake chini ya mti. Mwili waliukausha kwa chumvi na jua, wakaufunga, wakaubeba kwa miguu zaidi ya kilomita 1,600 hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Huko Uingereza mwili ulitambuliwa kwa ule mfupa wa mkono ulioumizwa na simba. Alizikwa London tarehe 18 Aprili 1874.

Kwetu sisi, matembezi makubwa kuliko yote katika maisha ya Livingstone ni hayo ambayo yeye hakuyatembea. Waliyatembea Waafrika, na hawakumsahau mtu wao njiani.

Tunapata nini hapa Gorong'a?

Tumesimulia maisha haya si kwa ajili ya kumpamba Livingstone. Alikuwa na ukaidi, na wengi waliomfuata baadaye katika njia zake walikuja kutawala. Tumemchagua kwa sababu maisha yake yanaonyesha mambo mawili yanayotuhusu: faida ya kutembea, na deni tulilo nalo kwa mnyama anayetembea nasi.

Tuanze na kutembea. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Hiyo ni nusu saa kwa siku, siku tano. Anayelima na kuchunga ameshavuka kiwango hicho bila kujua. Anayekaa dukani au juu ya pikipiki hajakifikia. Kutembea mara kwa mara kunasaidia kuzuia shinikizo la damu na kisukari, na usingizi unakuwa mzuri, kama Livingstone alivyoeleza kuhusu mapumziko ya jioni.

Mbwa anasaidia kwa namna moja rahisi: hasahau. Mtembeze asubuhi siku tatu mfululizo, na siku ya nne atakusubiri mlangoni. Mtu anaweza kujidanganya kwamba leo mvua itanyesha. Mbwa hadanganyiki. Naye anafaidika, kwani mbwa anayefungwa kutwa anakuwa mkali ovyo, hubweka bila sababu, na akifunguka ndipo anapouma watoto.

Yapo mambo ya kuzingatia.

Kwanza, muda. Tembea naye asubuhi mapema au jioni. Mbwa hatoi jasho mwilini kama binadamu. Anapoza mwili kwa kuhema huku ametoa ulimi, na jua la mchana linaweza kumwua. Weka kiganja chako juu ya ardhi. Kama huwezi kukiacha hapo kwa sekunde chache, hata nyayo zake zitaungua.

Pili, mwendo. Anza na dakika kumi au kumi na tano, ongeza taratibu. Watoto wa mbwa, wazee na wenye mimba wasilazimishwe. Mpe maji kabla na baada. Usimkimbize akiwa ametoka kula shibe.

Tatu, maji ya kuvuka. Sisi tuna mto Mara, na una mamba na viboko. Usimwache mbwa aogelee kukufuata. Kabla msafara haujaingia majini, hata kwenye kijito kilichofurika, mtaje mtu kwa jina: wewe fulani, mbebe mbwa. Livingstone alikuwa msafiri mzoefu kuliko sisi sote, na kosa lake halikuwa la kutojua. Kila mmoja alidhani mwingine anaangalia.

Nne, kupe. Mkirudi, mpapase masikioni, kwapani na kati ya vidole.

Tano, chanjo. Mbwa anayetembea anakutana na mbwa wengine na wanyama wa porini, kwa hiyo lazima achanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa. Karibu vifo vyote vya watu kutokana na kichaa cha mbwa duniani vinaanzia kwa mbwa. Ugonjwa ukishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Mtu akiumwa, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Asisubiri kuona mbwa atakuwaje. Wakati kampeni ya chanjo inapotangazwa kijijini, mpeleke mbwa wako, na kama haijatangazwa muulize afisa mifugo wa kata.

Sita, mipaka ya hifadhi. Usiingie na mbwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa, ambao ni wa mbwa, uliwaingia simba wa Serengeti na kuua karibu theluthi moja yao, simba wapatao 1,000. Wataalamu waliufuatilia ugonjwa huo hadi kwa mbwa wa vijijini. Ndiyo sababu mbwa wengi wa vijiji vya pembezoni wamekuwa wakichanjwa tangu miaka hiyo. Unapomchanja mbwa wako unamlinda mtoto wako, jirani yako na simba pia.

Kesho asubuhi

Chitane hakuacha kaburi. Aliacha jina la maji, walilolitoa vijana waliotembea naye kutoka Mikindani na waliojua kazi yake. Bwana wake alizikwa pamoja na wafalme, lakini katika daftari lake alikubali kwamba siku ile, kwa dakika chache tu, alimsahau aliyekuwa hamsahau mtu yeyote.

Kesho asubuhi, kabla jua halijapanda, mfungue mbwa wako. Chukua kamba, chukua maji, mwende pamoja nusu saa. Na mnaporudi, kabla hujaingia ndani, geuka utazame nyuma kama amefika.